Kazi ya Baa Kwenye Meli za Watalii: Maswali Ninayoulizwa Sana Kisumu, Nakuru na Magharibi

Niliacha bahari nikarudi Kisumu, lakini simu za vijana wanaotaka kwenda huko haziachi kulia. Anayepiga kutoka Njoro, anayepiga kutoka Mbale, anayenisimamisha sokoni Kibuye, wote huuliza karibu mambo yale yale. Nimeyakusanya hapa jinsi yanavyonijia. Msimamo wangu mtauona mapema: meli haikuchukui kwa sababu unajua kurusha chupa hewani kama wale wa video. Inakuchukua kwa kasi, usafi na hesabu isiyolegea.

Kwani kazi yenyewe ni ipi hasa?

Ni kuuza na kuhudumia vinywaji vya kila aina, vyenye pombe na visivyo na pombe, katika hoteli inayoelea. Meli kubwa huwa na baa nyingi: ya bwawa la kuogelea, ya ukumbi wa muziki, ya kasino, kaunta ya kahawa, na hata moja ya wafanyakazi wenyewe huko chini. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi wapatao 2,350. Abiria hao wote wako likizoni, jua ni kali, na hakuna hata mmoja atakayeendesha gari kurudi nyumbani. Piga hesabu ya kiu yao.

Chini kabisa katika idara kuna msaidizi wa baa, ambaye melini kila mtu humwita yutiliti. Juu yake kuna mhudumu wa baa, yule anayezunguka na sinia akichukua oda. Kisha batenda, anayechanganya vinywaji, mkuu wa mabatenda, meneja msaidizi, na meneja wa baa. Pembeni kuna njia mbili za wataalamu, ya mvinyo na ya kahawa. Vyeo hubadilishwa majina kampuni hadi kampuni, ila kazi ni ile ile.

Nina diploma ya hoteli na nimefanya kazi miaka mitatu. Si nianze kama batenda moja kwa moja?

Omba, lakini usinune ukipewa uyutiliti. Kampuni nyingi hupenda kupandisha watu walio ndani, na mtu anayeijua meli tayari huwashinda watatu wenye vyeti vizuri zaidi nchi kavu. Wako waliokataa nafasi ya yutiliti kwa sababu ya cheo, wakabaki wakisubiri barua ya ubatenda mpaka umri ukawatupa mkono. Waliokubali walipanda baada ya kontrakti moja au mbili.

Kusema kweli, mimi namwamini zaidi batenda aliyewahi kubeba barafu. Anajua ni nani anayemtegemea.

Huyo yutiliti hufanya nini kutwa nzima?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabla baa haijafunguliwa, yutiliti huwa ameshateremka stoo mara kadhaa kuleta kreti za soda, bia na juisi, akipita kwenye ile njia ndefu ya chini inayokata meli kutoka mbele hadi nyuma. Anajaza barafu. Anakata ndimu, machungwa na mananasi. Anapanga glasi kwa aina zake. Baa ikishafunguliwa anaingia kwenye mzunguko: kukusanya glasi chafu, kuzipitisha kwenye mashine, kurudisha zilizo safi, kumwaga taka, kujaza barafu tena. Usiku baa ikifungwa, yeye ndiye wa mwisho kuondoka, kwa sababu sakafu lazima isuguliwe na mifereji ya sinki isafishwe.

Usafi wenyewe si wa kukadiria kwa jicho. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa na mpango wa usafi wa meli ulio chini ya CDC, shirika la afya ya umma la Marekani. Wakaguzi huja bila kutangaza, hutoa alama kwa mia, na meli ikipata 85 kushuka chini imeanguka. Mabaharia huuita ukaguzi huo USPH, na jina hilo likitajwa utaona hata meneja anapiga magoti kuangalia chini ya friji. Vyombo huoshwa, husuuzwa, kisha hutiwa dawa, kwa mpangilio huo. Glasi hukaushwa kwa hewa. Ule mtindo wa kwetu wa kuitoa glasi kwenye maji na kuifuta papo hapo kwa kitambaa kilichokuwa begani utakuletea balaa. Maziwa na krimu lazima vikae kwenye nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, na kila chombo kilichofunguliwa huwekwa lebo ya tarehe.

Halafu kuna taka. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza kutupa plastiki ya aina yoyote baharini. Huo mrija mmoja wa plastiki unaoona ni kitu kidogo, ukionekana ukiutupa nje ya meli utashushwa bandari inayofuata na tiketi ya kurudi nyumbani mkononi. Taka hutenganishwa: glasi peke yake, makopo peke yake, plastiki peke yake, mabaki ya chakula peke yake.

Nisomee nini, na wapi huku kwetu?

Cheti au diploma ya huduma za hoteli, chakula na vinywaji inatosha kuanzia. Kisumu National Polytechnic wanafundisha, Sigalagala kule Kakamega wanafundisha, na Chuo cha Utalii cha Kenya kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975 bado jina lake lina uzito kwa waajiri. Lakini cheti cha chuo ni mlango wa kwanza tu. Kinachosomwa kwa makini zaidi ni barua za waajiri: umefanya kazi wapi, baa ya aina gani, muda gani. Anza hoteli ya nyota tatu au nne ukiweza, hata kama wanakulipa kidogo, na kila unapoondoka dai barua yenye tarehe, cheo na sahihi. Wengi hapa Kisumu wamefanya kazi miaka mitano na hawana karatasi hata moja ya kuthibitisha.

Mafunzo ya usalama ndiyo yasiyopatikana kila mtaa. Yanaitwa STCW, kutokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978, na yana sehemu nne za msingi: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kijamii melini. Huongezwa mafunzo ya ulinzi, na kwa meli za abiria, jinsi ya kuongoza umati wakati wa dharura. Chuo lazima kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ile KMA. Kinachojulikana zaidi ni Bandari Maritime Academy, Mombasa. Ndiyo, utapanda basi. Tuna ziwa zima hapa mlangoni, na KMA ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo vyake, lakini kwa cheti hiki wengi wetu huishia Mombasa.

Usikimbilie kulipia STCW kabla hujapata mahali. Sehemu za kujiokoa na kuzima moto huhitaji kurudiwa kila baada ya miaka mitano, na kuna kampuni zinazowafundisha wafanyakazi wapya zenyewe. Uliza kwanza.

Nimefanya kazi kwenye baa ya mtaa tu, Kondele. Hiyo inahesabika?

Inahesabika ukiisema vizuri. Baa ya Kondele Jumamosi usiku, mechi ikiwa kwenye runinga, inakufundisha kitu ambacho hoteli tulivu ya Milimani haiwezi: kukumbuka oda nane kwa mpigo, kurudisha chenji sawa, na kumtuliza mlevi bila ngumi. Waliohudumia Naivasha wikendi za Safari Rally tangu irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 wanajua foleni ya baa ya bwawani meli inapong'oa nanga ikoje.

Kinachokosekana kwa kawaida ni vipimo. Kwetu toti, yaani kipimo kimoja cha pombe kali, ni mililita 30, kwa hiyo chupa ya mililita 750 inatoa toti 25. Kwenye meli za Marekani kipimo cha kawaida ni aunsi moja na nusu, kama mililita 44, na chupa ile ile inakupa vipimo 17 hivi. Uingereza kuna kipimo cha mililita 25, na hapo chupa inatoa 30. Meneja wa baa hulinganisha kilichotoka kwenye chupa na kilichoandikwa kwenye mashine. Ukimimina kwa ukarimu wa kumfurahisha mgeni, tofauti itaonekana, na itaulizwa jina lako. Nunua kile kikombe cha kupimia cha chuma, jizoeze na maji nyumbani mpaka mkono ujue.

Jifunze pia kokteli za asili kabla ya zile za rangi rangi. Chama cha kimataifa cha mabatenda, IBA, kilichoundwa mwaka 1951 Torquay, Uingereza, kina orodha yake rasmi. Anza na mojito, daiquiri, margarita, piña colada, negroni, old fashioned, martini na manhattan. Hizo nane ukizijua hadi vipimo, una pa kusimamia. Na jua kutengeneza kokteli yetu iitwayo dawa: vodka, ndimu, asali, barafu, na kijiti cha kuponda. Wageni waliowahi kuja safari Kenya huiulizia, na batenda Mkenya asiyeijua huaibika bure.

Mimi sinywi pombe kabisa. Na rafiki yangu ni Msabato. Tutaweza?

Asiyekunywa anaweza, na wengi wa waliofika mbali hawanywi. Utahitaji kujua ladha kwa kusoma na kunusa, na mafunzoni utaombwa kuonja. Ukieleza mapema kwamba huonji, utaeleweka mahali pengi, ingawa njia ya mvinyo itakuwa ngumu kwako.

Kwa Msabato jibu ni chungu. Melini kazi ni siku saba kwa wiki. Hakuna Jumamosi ya kupumzika, kama ambavyo hakuna Jumapili wala Ijumaa nzima. Unaweza kupata saa chache za ibada, pengine kikundi cha wenzako wanaosali chumba cha mafunzo saa sita usiku, lakini siku nzima hutapata. Rafiki yako aamue hilo akiwa bado Nyamira.

Nahitaji makaratasi gani?

Pasipoti kwanza. Unaomba kupitia eCitizen na kupeleka alama za vidole. Ofisi za Uhamiaji za Kisumu na Nakuru zinahudumia, huna haja ya kwenda Nyayo House. Kisha cheti cha tabia njema cha polisi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, cheti cha afya cha baharia kutoka kwa daktari anayetambuliwa, vyeti vya STCW, na kitabu cha baharia kinachotolewa na KMA. Kadi ya homa ya manjano siku hizi haina mwisho: tangu Julai 2016 sindano moja inatambuliwa maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa uchomwe tena kwa sababu miaka kumi imepita.

Viza ya mabaharia ya Marekani huitwa C1/D na huombwa ubalozini Gigiri, ukiwa na barua ya kampuni. Bila barua hiyo huombi. Mtu yeyote anayekuambia atakutafutia C1/D kwanza, kazi baadaye, mkimbie.

Angalia majina. Kitambulisho kinasema Otieno, cheti cha KCSE kinasema Otiende, pasipoti ina jina la ubatizo ambalo halipo kwingine. Rekebisha hayo sasa. Yamewachelewesha watu kuliko usaili wenyewe.

Ajenti anataka pesa ili nafasi yangu "isiende". Nilipe?

Usilipe.

Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, unaojulikana kama MLC, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unasema ada ya kutafutiwa kazi haitozwi baharia. Gharama zinazoweza kubaki kwako ni cheti cha afya cha kisheria, kitabu cha baharia, na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Sasa yule anayekuitisha "pesa ya kushikilia kiti" anatumia mkataba gani?

Maajenti halali wapo na wana leseni ya KMA. Kabla hujatoa hata nakala ya kitambulisho, piga simu au uende ukaulize kama jina la ajenti limo kwenye orodha ya KMA. Barua ya kazi iliyotoka kwenye anwani ya bure ya barua pepe, yenye nembo ya kampuni kubwa iliyokatwa vibaya, na inayotaja mshahara wa meneja kwa mtu asiye na uzoefu, ni karatasi ya utapeli. Mahojiano ya kweli hufanywa na mtu anayekuuliza maswali magumu. Matapeli hawakuulizi kitu, wanakusifu tu.

Ujanja mwingine ni wa "mafunzo". Unaambiwa kazi ni bure, lakini lazima usome kozi yao ya wiki mbili kwa bei ya ng'ombe wawili. Kozi nyingine ni nzuri. Lakini ukiona kozi ndiyo biashara na kazi ndiyo chambo, ondoka. Na mjomba anayesema anamjua mtu Mombasa, mheshimu, mpe chai, usimpe pesa.

Kwenye usaili wanauliza nini?

Kiingereza chako kitapimwa. Kuna mtihani wa kompyuta unaotumika sana uitwao Marlins, wenye kusikiliza, msamiati na sarufi. Lafudhi si tatizo. Wahindi, Wafilipino, Wajamaika na Waindonesia wote wana zao. Kinachowaangusha Wakenya ni kuongea haraka na kumeza maneno. Punguza mwendo.

Kisha hupewa hali fulani. Moja naipenda kwa sababu humchuja mtu mara moja: glasi imevunjika karibu na sanduku la barafu, baa imejaa, utafanya nini? Anayejibu kwamba ataokota vipande na kuendelea ameanguka. Barafu yote inatolewa, hata kama ni kilo hamsini na foleni inapiga kelele. Unaimwagia maji moto iyeyuke, unasafisha sanduku, unakagua, ndipo unajaza upya. Kipande cha kioo na kipande cha barafu havitofautiani kwa macho. Ndiyo sababu pia barafu huchotwa kwa koleo lake, kamwe si kwa glasi.

Lingine: mgeni amelewa na anataka moja zaidi. Hapa wanataka kusikia kwamba unaweza kukataa kwa upole, ukampa maji, ukamwita msimamizi, na ukawaarifu wenzako wa baa nyingine, kwa maana akikosa kwako atakwenda ghorofa ya juu. Na umri: Kenya tumezoea miaka 18, lakini meli nyingi zinazoondokea Marekani ni 21. Kadi ya chumba ya mgeni huonyesha. Usipoangalia, kosa ni lako.

Mshahara ni ngapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na ndilo lisilo na jibu moja. Pesa hutoka sehemu mbili: msingi ulioandikwa kwenye kontrakti, na sehemu ya tipu. Kwenye kampuni nyingi za Marekani, kila kinywaji kinachouzwa huongezewa asilimia 18 hadi 20 kama ada ya huduma, na hiyo hugawanywa kwa utaratibu wa kampuni. Yutiliti huishi kwa mamia ya dola kwa mwezi. Mhudumu na batenda wa baa yenye shughuli huvuka elfu. Meli za Ulaya hutegemea zaidi mshahara wa msingi na tipu huwa nyembamba.

Soma kontrakti uangalie mambo matatu: msingi uliohakikishwa ni kiasi gani hata biashara ikiwa mbaya, tipu zinagawanywa vipi, na ni nini kinachokatwa. Kulala na kula ni bure. Likizo, hapana: malipo yake mara nyingi yameshachanganywa ndani ya mshahara, kwa hiyo ile miezi miwili ukiwa nyumbani hakuna kinachoingia. Panga kana kwamba mwaka una miezi minane au tisa ya kulipwa.

Saa za kazi zikoje?

Kumi hadi kumi na moja kwa siku ni kawaida, zikiwa zimekatwakatwa: asubuhi bwawani, mchana unalala, jioni hadi usiku wa manane ukumbini. Kontrakti huwa ya miezi sita hadi tisa. Chini ya MLC ni lazima upate angalau saa 10 za kupumzika ndani ya saa 24, na saa 77 ndani ya siku saba. Mapumziko hayo yasigawanywe katika zaidi ya vipande viwili, na kipande kimoja kisipungue saa sita. Utasaini saa zako. Saini zile ulizofanya kweli, usikubali kusaini za mtu mwingine.

Wale waliozoea sheria ya vileo ya 2010, tunayoiita bado sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, na kufungua baa saa kumi na moja jioni, wajiandae. Meli ikiwa bahari kuu, kuna mtu anataka shampeni saa mbili asubuhi, na utampa ukitabasamu.

Sijui kuogelea.

Hata mimi naogelea kama gunia. Mafunzoni utavaa jaketi la kuokolea, utaruka majini, utapanda kwenye boya. Unahitaji kutoogopa maji. Nenda bwawa lolote la hoteli Kisumu au Nakuru ujizoeze kabla.

Nitatapika?

Siku za kwanza, pengine. Meli kubwa zina mapezi ya kuzituliza na ukizoea hutakumbuka. Mabaharia hula tufaha bichi za kijani na biskuti kavu, tangawizi husaidia, na sehemu za chini katikati ya meli hutikisika kidogo kuliko kwingine. Hakuna atakayekuruhusu kulala kwa sababu hiyo, isipokuwa daktari.

Na bangi, miraa, kinywaji kidogo baada ya kazi?

Bangi: utapimwa kabla ya kuondoka, na utapimwa melini bila taarifa. Athari zake hubaki mwilini wiki kadhaa kwa mvutaji wa kila siku. Umeisha.

Miraa: Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Marekani ni haramu. Usiifunge kwenye begi hata kwa ajili ya "jamaa yuko huko". Hilo ni jela, si kufutwa kazi tu.

Pombe: kuna baa ya wafanyakazi na bei ni ya kutania. Hapo ndipo mishahara huzama. Kiwango cha kimataifa kwa wenye majukumu ya usalama ni asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, na kampuni nyingi hushuka chini ya hapo. Kumbuka kwamba wewe, batenda, nawe una kituo chako cha dharura na abiria wa kuongoza.

Mimi ni msichana. Mama anasema wa baa ni wa baa, hata majini.

Mwambie mama kwamba nimemsikia, na kwamba hofu yake haikutoka hewani. Tunajua jinsi mabinti wa baa wanavyotendewa na wateja katika miji yetu. Melini mambo mengi ni tofauti. Mgeni akikugusa, kampuni inayojiheshimu humshusha mgeni. Uhusiano wowote wa kimapenzi na abiria ni kufutwa kazi papo hapo, na sheria hiyo ukiitazama vizuri inakulinda pia. Kamera ziko kila njia. Chumba unalala na mwanamke mwenzako. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inazitaka meli zinazotumia bandari zake kuripoti visa vya ubakaji na mashambulizi kwa FBI.

Sitakudanganya kwamba msumbufu hayupo. Wakati mwingine si mgeni, ni bosi. MLC inataka kila meli iwe na utaratibu wa kupeleka malalamiko, na unapewa nakala yake unapoingia. Isome siku ya kwanza, jua ofisi ya wafanyakazi iko ghorofa gani, na andika tarehe na saa za kila tukio. Nimewaona wanawake wa Kikenya wakiwa mameneja wasaidizi wa baa. Hawakufika kwa kunyamaza.

Nikishaingia, nitapandaje haraka?

Chagua kitu kimoja ambacho wengine kwenye baa yako hawakitaki. Kwa kawaida ni mvinyo au kahawa. Wine & Spirit Education Trust ya London, inayofundisha tangu 1969, ina viwango vinavyotambuliwa karibu kila mahali, na cha kwanza ni chepesi. Ukiwa Nakuru una bahati ndogo: mvinyo wa Leleshwa hutokana na zabibu za upande wa Naivasha, na unaweza kuona shamba kabla hujaona Ufaransa. Kahawa nayo iko Kisii, Nandi na Bungoma. Ukiweza kumweleza mgeni kwa sentensi mbili jinsi inavyovunwa na kukaushwa nyumbani kwenu, umemshinda batenda mwenye maelezo ya kukariri.

La pili ni lugha. Kihispania cha kaunta tu: namba, salamu, "na barafu au bila barafu". Ukiwa meli za Kiitaliano, basi Kiitaliano.

La tatu halipendezi: hesabu ya stoo. Mwisho wa mwezi kila chupa huhesabiwa, usiku, watu wakiwa wamechoka. Jitolee. Aliyeshika kalamu usiku huo ndiye meneja anayemkumbuka nafasi ya juu ikitokea.

Nyumbani wakijua nina dola, nitawezaje kuweka akiba?

Hutaweza, kama hutaamua kabla ya kuondoka. Matanga, harambee, karo ya binamu, paa la shangazi. Yote ni ya kweli na yote yatakuja mwezi mmoja. Baharia ana haki ya kuagiza sehemu ya mshahara wake ipelekwe moja kwa moja kwa mtu au akaunti aliyoitaja. Itumie. Gawanya mapema: kiasi cha wazazi kisichobadilika, kiasi cha sako ambacho hakitoki, na kiasi kidogo cha dharura za ukoo, na kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao. Mwambie mama kiasi chake kabla hujapanda ndege, kwa sauti, kaka na dada wakiwepo.

Ploti usinunue ukiwa baharini kwa picha za simu. Subiri urudi, uende na mpima ardhi na jirani wa hapo, uangalie hati kwenye sajili.

Nina miaka 34. Nimechelewa?

Hujachelewa. Kampuni nyingi hutaka mhudumu wa pombe awe na miaka 21 na kuendelea, na juu hakuna ukuta rasmi kwenye nyingi, ilimradi daktari akupitishe. Tatizo la miaka 34 ni lingine: je, uko tayari kuamriwa na msimamizi wa miaka 25 kutoka Manila, na kulala kitanda cha juu kwenye chumba cha watu wawili kisicho na dirisha? Kama uko tayari, anza na pasipoti wiki hii, kisha barua za waajiri. Ukizipata zote mbili, pita hapa Kisumu tuangalie CV yako. Njoo na kalamu, na uje ukijua negroni ina nini na kwa vipimo vipi.